Naomba ushauri: kumzungusha mama kando ya mto Mississippi kuona majani yanavyobadilika rangi

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Minnesota na Wisconsin. Mama kaja kutoka Moshi, hajawahi kuona mlima mzima umegeuka nyekundu na njano, sasa nataka wikiendi moja ya Oktoba nimtoe hapa Minneapolis tushuke na hiwei 61 hadi Red Wing, tupite Ziwa Pepin (ambalo kiukweli ni mto wenyewe umetanuka tu), Wabasha tusimame kwenye kile kituo cha tai maana mama na ndege usimwambie kitu, halafu tuvuke daraja turudi na hiwei 35 upande wa Wisconsin.

Ishu ni magoti yake, vilima hapandi kabisa, kwa hiyo nataka sehemu unapaki gari na bonde lote unaliona hapo hapo. Ile sehemu ya kutazamia bonde, Garvin Heights pale Winona, kuna kutembea sana? Na nikisogea mpaka mji wa La Crosse, kwenye kilima cha Grandad Bluff, tutawahi kurudi siku hiyo hiyo au bora tulale? Halafu wiki ya pili au ya tatu, ipi majani yanakuwa bado hayajapukutika?