Hii 9 Desemba tunasherehekea uhuru wa nchi au wa mtu?

Kijana wa Mbozi: Wakuu heshima kwenu. Leo redioni wamerusha tena hotuba ya Mwalimu ya 1959, ile ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima penye dharau. Aisee bado inanisisimua. Sasa mdogo wangu yupo fomu tuu kaniuliza, kwa hiyo bro 1961 kila mtu akawa huru kusema anachotaka? Nikabaki natoa macho. Waasisi walimaanisha uhuru gani hasa?

Mzee wa Nyaraka: Jibu fupi hapana. Katiba ya 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu, serikali ya TANU yenyewe ndo iliikataa, hoja yao nchi changa ina haraka ya maendeleo, haya mambo ya kuburuzana mahakamani yatatukwamisha. 1962 tu hapo bunge likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Haki zimekuja kuingizwa kwenye katiba 1984, na hata hapo mahakama zikaambiwa zisubiri hadi 1988. Piga hesabu mwenyewe tangu yule mwanajeshi Nyirenda apandishe mwenge kule juu Kilimanjaro siku ya uhuru.

Mama Shebughe: Mkuu data zako sawa ila unawasoma kwa macho ya leo. Bibi yangu wa Lushoto haongelei katiba hata siku moja, yeye anasimulia matuta, enzi za mkoloni walivyokuwa wanalazimishwa kulima matuta milimani, usipolima faini, na bwana shamba anamfokea babu mbele ya wanae kama anafokea mtoto. Kwa hiyo ile "penye dharau" haikuwa maneno ya kupamba hotuba, watu walielewa kabisa anaongelea nini, na hilo liliisha. Kwao uhuru ndo ule.

Chalii wa Ilala: Sawa dada, ila Bibi Titi je? Mwimbaji wa ngoma wa hapa hapa Dar, kuanzia 1955 kawaingiza akina mama TANU kwa maelfu, kazunguka nchi nzima, bila wale mama sijui TANU ingefika wapi. 1969 kakamatwa, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, katoka 1972 kwa msamaha wa rais. Leo tunapanda daladala Mnazi Mmoja kwenye barabara yenye jina lake na wengi hatujui kama alifungwa na haohao aliopigania nao uhuru. Mimi shule sikufundishwa hilo, nyie mlifundishwa?

Mama Shebughe: Hapo umenikamata, sina la kujibu.

Fundi Bomba: Mi ninayoikumbuka ni ya 2015 Magufuli alivyofuta sherehe, hela ikaenda kupanua barabara ya Mwenge-Morocco na sisi tukashikishwa mifagio. Gwaride sikulimisi hata kidogo 😂

Mpemba Halisi: Sie huku twawasoma tu, hiyo siku yenu nyinyi wa Tanganyika, yetu 12 Januari, ya Mapinduzi. Na hayo ya kufungana baada ya uhuru sie tunayo makubwa zaidi, fungueni uzi mwengine.