Jimbo Kuu la Karthago kufutwa mwaka 1964: Je, Roma ilikosea?

Mleta mada:

Ndugu zangu, kila ifikapo kumbukumbu ya Mtakatifu Sipriani, askofu wa karne ya tatu wa Karthago, mji wa kale karibu na Tunis, tarehe 16 Septemba, hurudi lawama ileile. Kwamba mwaka 1964 Roma ilipatana na Rais Bourguiba wa Tunisia, ikalifuta Jimbo Kuu la Karthago na kuikabidhi serikali makanisa mengi, hivyo Waafrika tukapokonywa kiti chetu cha kale cha uaskofu. Napinga. Kilichofutwa mwaka ule hakikuwa kiti cha Sipriani.

Kanisa la Sipriani lilikuwa la wenyeji, na lilijiamini. Mwaka 256 aliwakusanya maaskofu 87 wa Afrika, wakashikilia kwamba aliyebatizwa na wazushi abatizwe upya, huku Papa Stefano akikataa. Miaka miwili baadaye Sipriani akakatwa kichwa mbele ya waumini wake. Hata mwaka 418, Askofu Aurelio akiwa kitini, mtaguso wa Karthago uliwakataza mapadre wa Afrika kukata rufaa ng'ambo ya bahari, yaani Roma. Nani leo angethubutu?

Kanisa hilo lilikufa polepole, na jeraha kubwa lilitoka nyumbani. Mwaka 411 Wakatoliki na Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga nao, walikutana Karthago, kila upande na maaskofu wapatao 280. Mji mmoja, maaskofu wawili, altare mbili. Wavandali, kabila la Kijerumani kutoka Ulaya, wakauteka mji mwaka 439, Waarabu mwaka 698. Kufikia 1076 Papa Gregori VII alilalamika kwamba Afrika ile haina hata maaskofu watatu wa kumweka wakfu mwenzao.

Sasa tazameni lililofufuliwa. Ufaransa inaitwaa Tunisia mwaka 1881; mwaka 1884 Papa Leo XIII anarudisha jimbo kuu na kulikabidhi kwa Kardinali Lavigerie, Mfaransa. Waliomfuata ni Combes, Lemaître, Gounot na Perrin, Wafaransa watupu. Waumini wao walikuwa walowezi wa Kifaransa, Kiitalia na Kimalta. Mwaka 1925 sanamu ya Lavigerie, msalaba mkononi, ikasimamishwa kwenye lango la mji mkongwe wa Tunis, na wanafunzi wa Zitouna, chuo cha Kiislamu cha Tunis, wakaandamana kuipinga. Mwaka 1930 likafanyika Kongamano la Ekaristi palepale Karthago, na vijana wakaandamana wamevishwa kama askari wa Vita vya Msalaba, katika nchi ya Waislamu! Mimi ni Mkatoliki, na jambo hilo linaniuma. Baada ya uhuru wa 1956 walowezi wakaanza kuondoka, jimbo likabaki na majengo.

Mchangiaji:

Mleta mada, kwa heshima zote, unamhukumu Lavigerie kwa sanamu aliyojengewa miaka 33 baada ya kufa. Mimi ni mtu wa Tabora. Msafara wa kwanza wa wamisionari wake, Mapadre Weupe wa shirika alilolianzisha, ulipita Bagamoyo mwaka 1878 kuja kwetu, na ukoo wetu uliipokea imani kwa mapadre hao. Mwaka 1888 mzee huyo alizunguka Ulaya akipaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa, wakati vijiji vya huku bara vikiteketea. Usimfanye kuwa mlowezi tu.

Halafu jina lenyewe la Karthago limetumikaje baada ya kufutwa? Limekuwa cheo cha heshima tu. Mwaka 1967 alipewa Agostino Casaroli, Mwitalia, mwanadiplomasia yuleyule wa Vatikani aliyejadiliana na Tunisia. Askofu Mkuu wa Karthago asiye na muumini hata mmoja Karthago! Tunis ilipopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 2010, kwa nini haikurudishiwa jina lake?

Mleta mada:

Kwa Casaroli umenishinda, ndugu yangu. Kiti cha Sipriani hakikustahili kuwa cheo cha mtu wa ofisini Roma. Na la watumwa siwezi kumnyima Lavigerie. Alilisema wakati wakubwa wengi walinyamaza. Lakini hebu rudi kwenye tarehe. Msafara wa 1878 aliutuma akiwa Askofu Mkuu wa Algiers, miaka 6 kabla Karthago haijafufuliwa. Tabora ingepata imani yake hata kama jimbo kuu la 1884 lisingekuwapo.

Kuhusu jina, nawafikiria wanaosali Tunis leo. Wengi ni wageni, wakiwemo wanafunzi na vibarua kutoka kusini mwa Sahara, Waafrika wenzetu, wanaoishi kwa wema wa majirani Waislamu. Jimbo lao likiitwa Karthago, jirani atakumbuka nini kwanza: Sipriani, au yale maandamano ya 1930? Wao wenyewe wakiliomba jina hilo, nitabadili msimamo siku hiyohiyo. Likiombwa na sisi tulio mbali, nitaendelea kukataa. Wewe wa Tabora, na mliosoma historia ya Kanisa seminarini, mnalionaje hilo?