Gharama za programu za dizaini na animesheni: kwa elfu 60 kwa mwezi nichukue ipi?

Kalamu_ya_Dom
Wakuu salaam. Mimi ni mtu wa logo, mabango na kadi za harusi hapa Dodoma, sasa kuna shirika limeniuliza kama naweza kuwafanyia tangazo la katuni la dakika moja la kunawa mikono, nikajibu ndio halafu ndo nikaanza kuhangaika (si mnajua, ndio inatangulia, mengine mbele kwa mbele). Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha 8, ramu 8GB, haina grafiki kadi. Nimepitia bei za Adobe, Toon Boom, Moho na Blender kichwa kinauma, maana hii unalipia kwa mwezi, ile kwa mwaka, nyingine unanunua mara moja basi. Mfuko wangu ni elfu 60 kwa mwezi, haitanuki. Mwenye uzoefu anipe mchanganuo, na tafadhali msinijibu "inategemea".

Mzee wa Fremu
Mkuu zote zipigie hesabu ya mwaka ndo utaziona rangi zake. Dola naiweka 2,500 tu hesabu iwe nyepesi. Adobe programu moja kama After Effects (ya kuchezesha michoro kwenye video), kwa bei ya Marekani ni dola 22.99 kwa mwezi ukifunga mkataba wa mwaka, hiyo ni kama 57,500, yaani mfuko wako umekauka na bado hujagusa Illustrator ya kuchorea wahusika, ukibeba zote mbili unaongelea 115,000 kwa mwezi, karibu milioni 1.4 kwa mwaka, na siku ukiacha kulipa zinajifunga. Moho Pro ni dola 399.99 unalipa mara moja, milioni hivi, imekuwa yako. Kwa katuni za kuunga mifupa, ile ya mkono, shingo na mdomo kucheza bila kuchora upya kila fremu (picha moja moja ya video), mimi sijaona ya kuizidi kwa hela hiyo, na ukiigawa kwa miaka miwili haifiki hata elfu 42 kwa mwezi. Toon Boom Harmony ina ngazi tatu na vitu vitamu wameviweka ya juu kabisa, waachie studio zenye tenda za televisheni.

Ila dakika moja mbona unataka kulipa kabisa? Blender ni bure na ndani yake kuna Grease Pencil, unachora 2D kama kawaida. Ile filamu ya Latvia iliyobeba Oscar ya animesheni 2025 imetengenezwa kwa Blender hiyo hiyo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vya bure ni vya kujifunzia. Ikikushinda kuna OpenToonz, bure tangu 2016, inatokana na Toonz waliyokuwa wanaitumia Studio Ghibli. Muonekano wake wa kizamani utakuchosha macho ila laptopu yako haitalalamika.

chap_chap
Stori zote hizo za nini, tafuta kreki (programu iliyovunjwa leseni), elfu 10 tu unawekewa Adobe nzima mpaka programu usizojua kazi yake 😂

Mama Vekta
@chap_chap hapana bwana. Kreki inakwambia zima antivairasi kwanza ndo uinstole, sasa hapo unamfungulia nani mlango? Laptopu hiyo hiyo ina kazi za wateja na nywila zako zote. Halafu huyu anafanya kazi na shirika, siku wakimuomba risiti ya leseni atawapa nini, flashi?

Kalamu, hapo kwenye mkataba wa mwaka wa Adobe Mzee kapita haraka sana. Ile 22.99 inaandikwa "kwa mwezi" lakini umefungwa miezi 12. Ukighairi ndani ya siku 14 unarudishiwa hela yako, zikipita hapo unalipa nusu ya kilichobaki. Tuseme umelipa miezi minne tangazo likaisha ukataka kutoka, imebaki minane, nusu yake ni kama dola 92, ni 230,000 hiyo unalipa ili uondoke tu. Serikali ya Marekani ilifungua kesi Juni 2024 ikidai ada hiyo imefichwa. Upo mpango wa mwezi mmoja mmoja bila kufungwa, dola 34.49 kwa programu moja, 86,000 hivi. Kwa mwezi unaonekana ghali lakini kwa kazi moja unakuacha salama.

Fleksi na Wino
Mie niko upande wa kuchapa, naongezea la dizaini. Kalamu kwa mabango na kadi zako chukua Affinity, tangu Oktoba 2025 ni bure baada ya Canva kuinunua, unatakiwa akaunti ya Canva tu, wanacholipisha ni vile vitu vya AI. Kabla ya hapo watu walikuwa wanailipia. Inatoa PDF ya CMYK (rangi za wino wa kuchapa) safi. Inkscape nayo ni bure na naipenda, ila inachezea RGB (rangi za skrini), mtu analeta bango la bluu kali kwenye skrini linatoka zambarau kwenye fleksi, ugomvi unaanza kaunta. Angalizo, Affinity haihifadhi faili la .ai (faili la Illustrator), kama wateja wako wanadai .ai waulize PDF itawafaa, wengi inawafaa.

Kalamu_ya_Dom
Asanteni sana, Mama Vekta hiyo ya 230,000 imeniamsha. Sasa Mzee, hii laptopu itarenda Blender kweli, yaani kutoa picha za mwisho? Na huku umeme ukiamua kwenda unakwenda.

Mzee wa Fremu
Itarenda, 8GB ndo kiwango chao cha chini. Blender ina injini mbili za kurendia: tumia EEVEE, ndiyo nyepesi, Cycles usiiguse bila grafiki kadi. Dakika moja kwa fremu 25 ni fremu 1,500, fremu moja ikila sekunde 20 ni zaidi ya saa nane, weka usiku. Sasa sikiliza, usirende moja kwa moja kuwa video. Renda PNG moja moja kwenye folda, halafu kwenye Output toa tiki ya Overwrite (kuandika juu ya faili lililopo). Umeme ukikata kwenye fremu ya 900 unafuta ile ya mwisho iliyokatikia njiani, unawasha, inaruka zilizopo inaendelea. Ungekuwa umerenda MP4 ungeanza sifuri na LUKU imeshaliwa. Ukimaliza ziunganishe kwenye Video Editing humo humo Blender. DaVinci Resolve nayo ni bure ila inataka ramu 16GB, kwa yako itakutesa bure.

Mama Vekta
Kalamu kabla hujainstola chochote waulize hao watu wanataka nini mkononi, video tu au na faili la kazi la After Effects ili waje wabadilishe maandishi wenyewe. Wakisema video, nenda na Blender. Wakitaka faili, chukua mpango wa mwezi mmoja mmoja kwa miezi miwili, ni kama 172,000, na hiyo iandike kwenye profoma kama leseni ya programu, mstari wake peke yake. Usiifiche kwenye ufundi wako.

Kalamu_ya_Dom
Nimewatumia meseji sasa hivi. Wamesema video tu, na toleo la pili lenye maandishi ya Kigogo.

chap_chap
Toleo la pili nalo lina bei yake mkuu usije ukaliweka bure 😂