Pentium 4 ya 3.0 GHz na Core 2 Duo ya 1.86 GHz: ipi ina kasi zaidi?

MwenyeSteshenari:

Wakuu, heshima zenu. Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro, ambapo ninachapa barua, ninatoa nakala, na mara moja moja ninahariri video za harusi za wateja. Kompyuta yangu ina prosesa ya Pentium 4 yenye 3.0 GHz. Muuzaji mmoja wa kompyuta zilizotumika ananishauri niibadilishe nichukue yenye Core 2 Duo E6300, ambayo ina 1.86 GHz tu, na juu yake niongeze pesa. Kwa jinsi ninavyoona, hapo ninalipa ili nirudi nyuma. Yeye anasema viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi yenyewe) ni viwili, kwa hiyo nizidishe mara mbili nipate 3.72. Je, hesabu hiyo ni sahihi? Dukani kwake ipo pia mashine nyingine ya bei nafuu zaidi, ambayo anadai nayo ina viini viwili vya 3.0 GHz kila kimoja, na alinifungulia Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa, nikaziona grafu mbili kwa macho yangu.

FundiWaUpanga:

Mkuu, muuzaji amekupa ushauri mzuri kwa sababu isiyo sahihi. Kasi za viini hazijumlishwi. Vijana wawili wanaotembea kilomita tano kwa saa hawafiki Dodoma kwa mwendo wa kilomita kumi kwa saa, ingawa kwa pamoja wanaweza kubeba magunia mawili.

Kosa kubwa zaidi ni kuilinganisha GHz ya prosesa ya ukoo mmoja na ya ukoo mwingine. GHz hueleza saa ya prosesa inapiga mara bilioni ngapi kwa sekunde, lakini haielezi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000 ilikuwa imesanifiwa kwa nia ya kuipandisha GHz, na njia iliyotumika ni kuikatakata kazi ya kila amri katika hatua ndogondogo nyingi. Toleo la mwaka 2004, lililoitwa Prescott, lilikuwa na hatua 31. Wafikirie mafundi 31 waliojipanga mstari wakipokezana matofali. Kwa kuwa kila mmoja anageuka kidogo tu, mikono inakwenda kwa kasi ya kutisha, lakini siku msimamizi akigundua kwamba matofali yaliyoagizwa si yenyewe, yote yaliyomo mikononi yanatupwa na mstari unaanza upya. Prosesa hukumbwa na hali hiyo kila inapobashiri vibaya njia ambayo programu itafuata, na programu za kawaida zimejaa njia panda za namna hiyo.

Core 2 Duo, iliyotoka Julai 2006, ina hatua 14, na kila kiini chake kinaweza kupokea hadi amri nne katika pigo moja. Ndiyo maana kiini kimoja tu cha E6300, hata kingefanya kazi peke yake, hakiachwi na Pentium 4 yako katika shughuli nyingi za kila siku. Pentium 4 yenyewe iliishia 3.8 GHz, na Oktoba 2004 Intel, watengenezaji wake, waliachana na mpango wa kuifikisha 4 GHz. Waliokuwa wakitumia prosesa za AMD, kampuni shindani ya Intel, walilijua jambo hili mapema, kwa sababu Athlon XP 2000+ ilikuwa na kama 1.67 GHz tu, na namba iliyo kwenye jina lake iliwekwa ili mnunuzi asidanganywe na GHz.

Mhariri_Tanga:

Ninakubaliana na fundi, ila ningependa kueleza faida ya viini viwili inapatikana wapi, kwa sababu wengi hununua kisha hulalamika.

Programu iliyoandikwa ifanye kazi kwa mkondo mmoja, yaani mfululizo mmoja wa amri, haitakitumia kiini cha pili. Ukiifungulia Task Manager utaona matumizi ya prosesa yamekwama kwenye asilimia 50, kiini kimoja kinahema na kingine kimekaa. Kuchapa barua ni hivyo hivyo, na hapo prosesa inamsubiri mchapaji. Utakapofurahi ni wakati programu ya kuzuia virusi inapokagua flashi ya mteja huku wewe ukiendelea kuandika, kwani mashine yenye kiini kimoja katika hali hiyo huiachia herufi sekunde nzima baada ya kuigusa.

Kwa video, programu nyingi za kubadili mfumo wa picha huigawa kazi, lakini si yote. Tuseme asilimia 60 ya kazi inagawanyika: kwa viini viwili vyenye nguvu sawa, sehemu hiyo inashuka hadi 30, unajumlisha 40 isiyogawanyika, na muda wote unakuwa asilimia 70 ya ule wa kiini kimoja. Ni nafuu ya kweli, lakini si nusu.

Na kabla ya yote, angalia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ikiwa una MB 512, anza na hiyo.

FundiWaUpanga:

Nilisahau mashine ya tatu. Grafu mbili si ushahidi. Pentium 4 nyingi zina Hyper-Threading, ambayo huufanya mfumo endeshi ukione kiini kimoja kana kwamba ni viwili. Inawezekana pia ikawa Pentium D ya mwaka 2005, ambayo kweli ina viini viwili, lakini ni vya ukoo ule ule wa Prescott, na katika toleo lake la kwanza kiini kikitaka kuwasiliana na mwenzake lazima kitoke nje kupitia njia ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Ile ya 3.0 GHz, yaani 830, kipoza joto chake kinatakiwa kuhimili wati 130, wakati E6300 ni wati 65. Nenda na programu ya CPU-Z kwenye flashi, usome jina na idadi ya viini. Usijaribu pia kununua prosesa peke yake ukaipachike kwenye mashine yako ya sasa: hata kama soketi ni LGA 775, mazabodi nyingi za wakati wa Pentium 4 haziikubali Core 2 Duo.

MwenyeSteshenari:

Nimerudi kutoka dukani. CPU-Z imeandika Pentium 4, viini 1, mikondo 2. Muuzaji amesema naye aliuziwa hivyo hivyo. Nimelipia ile ya 1.86, na amekubali kuiongezea RAM ifike GB 2.