Re: DTZ, Sprechen A2, ofisi imekataa fomu

Msafiri:
Habari zenu wanajamvi. Majibu ya DTZ (mtihani wa Kijerumani kwa wahamiaji hapa Ujerumani) yametoka: Hören/Lesen (kusikiliza na kusoma) B1, Schreiben (kuandika) B1, Sprechen (kuzungumza) A2, ngazi iliyo chini ya B1. Chini wameandika jumla A2. Ofisi ya wageni imerudisha maombi ya Niederlassungserlaubnis (kibali cha ukaazi wa kudumu), wanataka B1. B1 mbili kati ya tatu, inakuwaje nifeli? Na nikisubiri kurudia, nadai Fiktionsbescheinigung (hati ya muda ya kukaa maombi yakishughulikiwa) au wanarefusha tu kibali cha sasa? Kinaisha baada ya wiki 6.

Kitabu Wazi:
Ndugu Msafiri, hujaonewa. Kanuni ya DTZ ni kwamba Sprechen lazima iwe B1, halafu B1 nyingine moja kati ya zile mbili zilizobaki. Ungepata B1 ya Sprechen na A2 ya Schreiben, bado ungetoka na B1. Umeteleza palepale pasipotelezwa. Na DTZ hairudiwi kipande. Ukitaka kipande kipande nenda Goethe B1, mtihani wa taasisi ya Goethe: moduli 4, kila moja na cheti chake, alama 60 kati ya 100.

Mama wa Watatu:
Hapo umesema nusu, kaka. Akienda Goethe atafanya moduli zote 4, maana B1 za DTZ hazichanganywi na za Goethe. Asije akalipia Sprechen peke yake akidhani kamaliza.

Tofauti nyingine: Goethe wanakupa dakika 15 za kujiandaa kabla ya Sprechen. DTZ hupewi hata moja. Mnaingia wawili, dakika kama 16 mmetoka. Teil (sehemu) 1 na 2 mtu anapita kwa maneno aliyoyakariri. Teil 3 mnapanga jambo pamoja, na hapo ndipo watu wanazama: mwenzako anauliza "Und was meinst du?" (na wewe waonaje?), hotuba uliyokariri haina jibu. Mtahini anataka kuona ukidaka mpira na kuurudisha. Kwa hiyo kariri vya kurudishia: "Wie wäre es mit Samstag?" (Jumamosi je?), "Das passt mir leider nicht" (hainifai, pole), "Da bin ich nicht sicher" (hapo sina hakika), "Können Sie das bitte noch einmal sagen?" (rudia tafadhali). Vipande 20 vinavyotoka bila kufikiri vinakufikisha mbali kuliko maneno 500 yaliyolala daftarini.

Fundi Sauti:
Vipande sawa, na ulimi je? Sisi tunachomeka irabu kila konsonanti zinapofuatana. Herbst ni silabi moja. Ikitoka "heribisiti" zimekuwa tano, na anayesikiliza anatafuta neno ambalo halipo. Halafu mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kijerumani mara nyingi kinakaza ya kwanza: ARbeit, URlaub.

Dawa yake ni rekodi ya mazungumzo, dakika moja tu. Sikiliza mara 3 umefunga mdomo. Mara ya nne sema pamoja na msemaji, nusu sekunde nyuma yake, kama kivuli. Jirekodi kwa simu, linganisha sentensi moja moja. Kaa na rekodi hiyohiyo siku 5. Wanaoshindwa ni wale wanaochukua taarifa ya habari ya robo saa: ni ndefu, na ile ni lugha ya kusomwa, hakuna anayenunua mkate kwa Kijerumani kile.

Kitabu Wazi:
Fundi, lafudhi haimwangushi mtu ikiwa anaeleweka. Kinachoangusha ni kitenzi. Baada ya weil (kwa sababu) na dass (kwamba) kinakwenda mwisho: "weil ich heute keine Zeit habe" (kwa sababu leo sina nafasi), kitenzi ni habe. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mkupuo, basi tunakitoa mapema. Zoezi: sababu 10 kila siku kwa sauti, sekunde 5 kila moja. Ukipewa muda wa kufikiri, unaandika kichwani, huongei.

Fundi Sauti:
"Ikiwa anaeleweka." Ndicho nilichoandika.

Dada wa Bondeni:
Mmesahau saa! Halb drei (neno kwa neno, "nusu tatu") ni saa nane na nusu, si tisa na nusu. Sisi tuna sita zetu za kuongeza na kutoa, na Mjerumani naye anahesabu nusu ya kuelekea saa inayokuja. Ukikosea kwenye Teil 3, mpango mzima umevurugika. Na einundzwanzig (21), moja mbele ya ishirini. Somewa namba za simu mbili mbili, kwa kasi, uandike.

Msafiri:
Asanteni sana. Na kibali?

Mzee wa Baraza:
Wanangu, B1 hiyohiyo ndiyo ya uraia. Miaka 5 ya kuishi huku, na tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haidai uache uraia wako wa kwanza. Anayedai ni nyumbani. Mkenya anashika vyote viwili tangu Katiba ya 2010, Mtanzania akiapa huku amejifuta kule. Fedha tukituma, ni wenzao. Pasipoti tukiomba, ni wageni.

Mama wa Watatu:
Shikamoo mzee. Uraia una mtihani wake pia: maswali 33, ukipata 17 umepita, na orodha ya 310 iko wazi kwa kila mtu. Ule unakaririka.

Dada wa Bondeni:
Mzee, uraia pacha una uzi wake, ulifungua mwenyewe.

Mzee wa Baraza:
Marahaba. Na kule hakuna aliyenijibu.

Msafiri:
Wiki 6, jamani.