Kutazama ndege tukiwa tumeketi sehemu moja ufukweni Mwanza: tuchague wapi, na saa ngapi?

Mratibu, Nyamanoro:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaratibu kikundi kidogo cha mtaa wetu, ambacho kina wanachama wawili wanaotumia kiti mwendo, mama mtu mzima anayetembelea mkongojo na kijana asiyeona. Tunataka kwenda ziwani asubuhi moja kutazama ndege, na tumekubaliana kwamba hatutakwenda mahali ambapo baadhi yetu watatembea huku wengine wakiachwa garini kuwasubiri. Nilifikiria Kisiwa cha Saanane, lakini kupanda na kushuka boti, pamoja na yale mawe ya kisiwani, kumenifanya nisite. Je, tukiketi sehemu moja kwa saa mbili au tatu tutaona ndege wa kutosha? Na mahali penyewe nipachague kwa kuangalia nini?

Mkazi wa Igombe:
Mtawaona, tena bila shida. Huko Marekani, klabu ya watazamaji ndege ya New Haven, jimbo la Connecticut, ilianzisha shughuli iitwayo Big Sit, inayofanyika mwezi wa Oktoba: kikundi hujiwekea duara lenye kipenyo cha futi 17, yaani mita 5 na kidogo, kisha huhesabu kila aina ya ndege anayeonekana au kusikika kutoka humo. Ndege anaweza kuwa mbali kiasi chochote. Anayepaswa kubaki ndani ya duara ni mtazamaji.

Kwa maoni yangu, mtindo huu unafaa ziwani kuliko msituni, kwa sababu juu ya maji hakuna kinachozuia macho, na ndege wenyewe hupita wakifuata samaki na wadudu. Ukiketi upande wa Capri Point, au karibu na kivuko cha Kamanga ambako Mwamba wa Bismarck unaonekana vizuri, ghuba inakuwa magharibi yako, hivyo asubuhi jua liko mgongoni na rangi za ndege zinaonekana sawasawa. Jioni jua linakupiga usoni, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Fikeni mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma.

Mtazameni hasa mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe: husimama hewani akipigapiga mabawa, mdomo ukielekea chini, halafu hujirusha majini ghafla. Mnandi naye, akitoka kupiga mbizi, hukaa juu ya jiwe na kutandaza mabawa yakauke, kwa hiyo hata anayehitaji muda kuilenga darubini atamkuta bado yupo. Yangeyange mdogo ana miguu myeusi na vidole vya njano, ambavyo huvitikisa katika maji ya kina kifupi ili kuwashtua samaki.

Mtumiaji wa kiti mwendo, Nyegezi:
Ninakuomba jambo moja, ndugu mratibu: usikague mahali ukiwa umesimama. Chukua kiti, keti, ndipo utazame. Macho ya mtu aliyeketi yako kwenye mita 1.2 hivi kutoka chini, na kuta nyingi za ufukweni huishia hapohapo, kwa hiyo wewe unaona ziwa zima ilhali mimi ninaona saruji. Kagua pia njia yote kuanzia gari linaposimama: mchanga hauendeki kwa magurudumu, na ngazi moja tu inatosha kutuzuia. Njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kubebwa juujuu na vijana, hata kwa nia njema, hakumpendezi mtu mzima.

Kisha ulizia choo, na uingie mwenyewe kupima mlango. Usione haya kumweleza mwenye eneo mahitaji yenu, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yetu ya kuyafikia maeneo ya umma. Kwa mikono inayochoka, mfuko mdogo wa mchele juu ya meza unatosha kuegemeza darubini.

Dada wa Bwiru:
Kuhusu kijana asiyeona, msimfanye msikilizaji wa furaha za wengine. Mlio wa furukombe husikika mbali sana, na mara nyingi dume na jike huitikiana. Yeye anaweza kuwa wa kwanza kuwatambua, na aandikwe kuwa ndiye aliyewapata. Tengeni dakika chache za ukimya kila baada ya muda, na mkimweleza jambo acheni kusema "yule pale". Semeni: "kushoto kwa mwamba, anaruka chini karibu na maji, mabawa hayapigi." Maelezo hayo yatawasaidia pia wenye uoni hafifu.

Mratibu, Nyamanoro:
Ninawashukuru sana. Jumamosi nitakwenda Capri Point pamoja na mmoja wa wenzetu wanaotumia kiti mwendo, na yeye ndiye atakayeamua kama mahali panafaa. Pasipofaa tutajaribu upande wa kivukoni, ingawa ninahofia kelele za magari zitamnyima kijana wetu sauti za ndege.

Mkazi wa Igombe:
Kelele hizo huzidi magari yanaposhuka kivukoni. Kaeni mbali kidogo na lango, na zile dakika za ukimya mzipange kivuko kikiwa kimekwishaondoka.