Mrejesho: risasi za 9 mm zilizokwama kwenye chemba

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini baadhi ya risasi za 9×19 (za 9 mm) zilizojazwa upya, yaani maganda yaliyokwisha kutumika yakatiwa baruti na kichwa kipya, haziingii mpaka mwisho kwenye chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi. Nilifuata ushauri wa kutoa mtutu na kudondosha risasi moja moja chembani: iliyo sawa huzama yenyewe, na mtutu ukigeuzwa huanguka. Kati ya 50, saba ziligoma. Vernia, kifaa cha kupimia unene, ilisoma 10.05 mm karibu na kitako cha ganda; kikomo ni 9.93. Ganda lililovimba pale msiliamini kabisa, laweza kupasuka na kutema gesi kwenye magazini. Zote saba nimezirudisha kwa muuzaji mwenye leseni.

Springi mpya ya magazini haikusaidia risasi hizo kuingia. Kutu ya kijani kwenye maganda nayo bado: kwa unyevu huu wa Mombasa, vifuko vya silika vya kufyonza unyevu hulowa upesi.